Treni ya mjini imechelewa: tafuta kwanza dakika zimepotelea wapi

Mwongozo huu ni wa abiria wa Pugu, Ubungo Maziwa na Mwakanga wanaotaka kujua kwa nini treni imesimama, na wa vijana wa stesheni na karakana wanaoanza kazi ya ishara za reli. Umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida kinatangulia na cha nadra kinafuata; ukaguzi mwepesi kwanza, kazi nzito baadaye.

Treni za mjini Dar es Salaam zilianza Oktoba 2012, na watu wakaziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Zilipita kwenye reli mbili zilizokuwepo tayari: Reli ya Kati, yenye upana wa milimita 1,000, na TAZARA, yenye milimita 1,067. Mwaka 2024 SGR ilianza kubeba abiria kwenye reli ya milimita 1,435, nayo ikaja na ETCS ngazi ya pili, mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni, ambao dereva anasoma ruhusa ya kwenda kwenye skrini mbele yake. Tangu hapo swali ni moja: kama teknolojia hiyo imeshafika mjini, kwa nini treni ya Pugu isifungiwe nayo tukaacha kuchelewa kazini?

Ni swali la haki, na linastahili jibu la kweli. Ishara mpya zinaponya ucheleweshaji unaotokana na ishara tu. Geti lililozibwa na daladala, behewa ambalo mlango wake hausogei kwa msongamano, na reli moja inayogombewa na treni mbili havijali taa zina umri gani. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kujua kila dakika imepotelea wapi.

Kabla ya dalili yoyote: andika saa

Kwa kila kituo andika treni imefika saa ngapi na imeondoka saa ngapi. Ikisimama kati ya vituo, andika nguzo ya kilomita iliyo karibu, rangi ya taa iliyo mbele kama inaonekana, na hali ya hewa. Fanya hivyo wiki ya jua na wiki ya mvua. Utaona dakika zinajigawa mafungu matatu: zilizopotea mlangoni kituoni, zilizopotea kwenye njia ya kupishana, na zilizopotea njiani mbele ya taa nyekundu au geti. Kila fungu lina tiba yake. Anayeagiza mitambo kabla ya kuwa na orodha hii anatibu ugonjwa ambao hajaupima.

Dalili: treni imesimama kati ya vituo, taa ni nyekundu

*Kuna treni mbele.* Hiki ndicho chanzo cha kwanza, na hapo hakuna hitilafu. Reli imegawanywa vipande, na kila kipande kinaruhusiwa kuwa na treni moja tu. Kama ya mbele imekwama, yako itasubiri. Cha kuuliza ni ya mbele imekwama kwa nini.

*Geti la barabara halijafungwa.* Pale ambapo geti limefungamanishwa na ishara, taa haiwezi kuwa kijani mpaka geti lishuke na kujifunga. Tazama dalili ya geti hapo chini.

*Mfumo unaamini kuna treni wakati hakuna.* Hapa ndipo penye mambo mengi, hasa Dar es Salaam wakati wa masika. Njia kongwe ya kutambua treni ni saketi ya reli, iliyobuniwa na Mmarekani William Robinson mwaka 1872. Umeme mdogo unapitishwa kwenye pau mbili za reli, na mwisho wa kipande kuna relei, yaani swichi inayoshikiliwa juu na umeme huo. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake zinaunganisha pau zote mbili, umeme haufiki tena kwenye relei, relei inaanguka, taa inakuwa nyekundu. Uzuri wake ni kwamba kitu chochote kikiharibika, waya ukikatika au betri ikifa, relei inaanguka vilevile. Mfumo ukikosa uhakika unasimamisha treni.

Kwa hiyo taa nyekundu isiyo na treni mbele ni mfumo unaosema "sina uhakika". Kinachouondolea uhakika, kuanzia cha kawaida, ni maji na tope kati ya pau, kokoto zilizojaa mchanga na takataka zinazopitisha umeme zikilowa, waya wa kuunganishia reli uliokatika au kuibiwa, kiungo cha kuhami (kinachotenga umeme wa kipande kimoja na kingine) kilichochakaa, kipande cha chuma kilichoangukia kati ya pau, na mwisho kabisa relei yenyewe.

Ukaguzi mwepesi unaanza na maswali. Je, tatizo linakuja na mvua na kuondoka na jua? Basi ni mifereji na kokoto, na dawa yake ni koleo kabla ya kompyuta. Je, linatokea mahali palepale kila siku, mvua au jua? Angalia viungo na nyaya za hapo. Je, limeanza ghafla baada ya mafundi wa njia kubadilisha mataruma au reli? Rudi kwenye kazi waliyoifanya. Baada ya hapo fundi apime volti upande wa kulishia na upande wa relei, aandike namba zote mbili, alinganishe na rekodi za siku njema. Stesheni isiyotunza rekodi za siku njema itabahatisha kila mara.

Tiba kubwa ni kuachana na saketi ya reli na kufunga vihesabu ekseli: kifaa kimoja kinahesabu ekseli zinazoingia kwenye kipande, kingine zinazotoka, na hesabu zikilingana kipande ni kitupu. Maji na tope la kokoto havikisumbui. Kwa jiji linalofurika kama letu, ningeanza na hivi. Lakini kihesabu ekseli hakitambui reli iliyovunjika, ilhali saketi ya reli mara nyingi huitambua, kwa hiyo ukaguzi wa reli kwa macho na kwa mashine lazima uongezwe. Na hesabu ikivurugika, mtu lazima athibitishe kwamba kipande ni kitupu kabla ya kuirudisha sifuri. Uthibitisho wa "nadhani imeshapita" haukubaliki.

Simama hapa, ita mhandisi wa ishara. Usiunganishe waya wa kuishikilia relei juu ili treni ipite, hata kwa dakika mbili, hata kama bosi anapiga simu. Desemba 12, 1988, karibu na Clapham Junction, London, watu 35 walikufa kwa sababu waya wa zamani, ulioachwa bila kukatwa wala kufungwa wakati wa kuboresha ishara, uligusa sehemu yake ya awali na kuzuia taa isiwe nyekundu. Juni 2, 2023 huko Odisha, India, zaidi ya watu 290 walikufa. Uchunguzi ulikuta makosa ya nyaya kwenye mzunguko wa ishara, yaliyohusiana na kazi iliyofanywa kwenye mfumo wa geti la barabara. Ajali zote mbili zilizaliwa na kazi ya matengenezo. Kila waya ulioguswa lazima upimwe upya na mtu wa pili ambaye hakuufunga yeye.

Abiria: ukiona tumesimama muda mrefu, usishuke kwenye kokoto. Treni nyingine inaweza kuja, na gadi akigundua watu wako njiani, ucheleweshaji unaongezeka.

Dalili: tunasubiri muda mrefu kwenye njia ya kupishana

Reli ya Kati na TAZARA kwa sehemu kubwa ni njia moja. Treni ya kwenda na ya kurudi zinapishana mahali penye njia ya pembeni tu. Chanzo cha kwanza cha kusubiri ni kwamba mwenzako kachelewa: dakika zake zinakuwa zako, kisha unazipeleka kwa anayekusubiri kituo kinachofuata. Ndiyo maana treni moja iliyokwama alfajiri inaharibu asubuhi nzima.

Chanzo cha pili ni muda wa kupeana kibali. Stesheni masta wa huku anamwomba wa kule njia, wa kule anahakikisha ni tupu, kibali kinaandikwa, kinapelekwa kwa dereva. Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu ni salama, ila inakula dakika. Hapa ishara za kisasa zina la kufanya, na inafaa kulipima kwa hesabu.

Chukua mfano wa kipande ambacho treni hukipita kwa dakika 12, na kibali kinachukua dakika 4. Treni moja kwenda na moja kurudi zinatumia dakika 32. Yaani kila upande unapata treni moja kila dakika 32, hata ukiwa na mabehewa mia yamelala karakana. Sasa funga mfumo wa kielektroniki unaotoa kibali kwa dakika 1: zinakuwa dakika 26. Ni nafuu, lakini ndogo kuliko watu wanavyotarajia. Acha kibali cha zamani, badala yake jenga njia ya kupishana katikati ya kipande: kila nusu inachukua 6 na 4, kwa hiyo dakika 20. Fanya yote mawili: dakika 14.

Hesabu hii ndiyo ningependa kila anayezungumzia bajeti ya reli mjini aipitie kwa kalamu yake. Mita mia kadhaa za reli ya pembeni zinaweza kuleta treni nyingi kuliko chumba kizima cha skrini, na skrini zinaleta faida kamili zikikuta njia ya pembeni imeshajengwa. Hata SGR yetu ni njia moja yenye mahali pa kupishana. Teknolojia yake haikuondoa kupishana.

Ukaguzi mwepesi: kwenye daftari lako, tenganisha muda wa kumsubiri mwenzako na muda wa kusubiri kibali baada ya mwenzako kufika. Wa pili ukizidi dakika tatu au nne kila siku, tatizo ni kibali: angalia simu za stesheni zinakatika mara ngapi, kama kuna mtu wa kupeleka karatasi haraka, kama zamu zinabadilishwa saa ya msongamano. Hayo yanarekebishwa bila zabuni. Wa kwanza ukiwa ndio mkubwa, badilisha ratiba kabla ya kubadilisha mitambo. Mara nyingi kusogeza mahali pa kupishana kwa kituo kimoja kunatosha.

Simama hapa. Mawasiliano yakikatika kabisa kati ya stesheni mbili, hakuna treni inayoingia kwa makubaliano ya mdomo kupitia simu ya mtu binafsi. Kuna utaratibu ulioandikwa wa hali hiyo. Ufuate hatua kwa hatua, na mwongoza treni wa kituo cha udhibiti ajulishwe.

Dalili: treni inasimama nje ya stesheni, tunaambiwa pointi zimegoma

Pointi ni zile ncha za reli zinazosogea kuielekeza treni njia hii au ile. Ishara haiwi kijani mpaka ncha ibane kabisa na kujifunga. Uwazi wa milimita chache tu unatosha kuzuia.

Chanzo cha kwanza ni cha aibu kwetu sote: kokoto, chupa ya plastiki, gunzi la mhindi lililorushwa dirishani. Kinafuata kilainishi kilichochanganyika na mchanga, kisha swichi ndogo inayothibitisha kwamba ncha imebana kulegea kwa mitikisiko, kisha maji ndani ya mashine, na mwisho mota kuungua. Mtu wa pointi aangalie kwa macho, aondoe uchafu kwa kifaa kirefu, asafishe sahani zinazotelezea ncha. Ikigeuka kwa mkono lakini haigeuki kwa mota, tatizo ni umeme au mota. Ikigeuka vizuri kwa vyote viwili lakini taa haiji, tatizo ni swichi ya uthibitisho.

Hatari: usiingize mkono wala mguu kati ya ncha na reli kabla ya kuhakikishiwa kwamba mashine imekatwa umeme na kufungwa. Mtu aliye mbali anaweza kuigeuza bila kukuona. Na swichi ya uthibitisho hairekebishwi na asiye fundi wa ishara. Ikilegezwa "kidogo ili ikubali", treni itapita juu ya ncha iliyo wazi.

Dalili: treni inapunguza mwendo au kusimama kwenye makutano na barabara

Buguruni na Tabata wanaijua hadithi hii. Chanzo cha kwanza ni magari yaliyosimama juu ya reli kwa sababu foleni mbele haisogei. Cha pili ni biashara zilizosogea mpaka kwenye kokoto, dereva analazimika kutambaa akipiga honi. Cha tatu ni mlinzi wa geti kupata taarifa kwa kuchelewa. Cha nne ni geti lenyewe kuvunjika, mara nyingi kwa kugongwa na gari au bodaboda aliyekuwa na haraka.

Pima mambo mawili: muda kutoka mlinzi kupata taarifa mpaka geti kufungika, na muda kutoka geti kufungika mpaka treni kupita. Wa kwanza ukiwa mrefu, treni inachelewa. Wa pili ukiwa mrefu, madereva wa barabarani wanakata tamaa na kuanza kupenya, halafu treni inachelewa tena.

Geti la kujiendesha linahitaji kifaa cha kuhisi treni kwa mbali. Kama geti linahitaji sekunde 60 kutoa onyo, kushuka na barabara kuwa tupu, treni ya kilomita 40 kwa saa lazima ihisiwe mita 670 hivi kabla. Ya kilomita 70 kwa saa, mita 1,170. Ukiweka kifaa kwa ajili ya ile ya haraka, treni ya mizigo inayotambaa itafunga barabara kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo reli yenye treni za mwendo tofauti inahitaji mfumo unaopima mwendo wa kila treni. Geti linaloamka kwa kifaa kimoja halitoshi.

Kwa maoni yangu, kwenye barabara zenye foleni ya kudumu geti la kisasa peke yake halitatui kitu. Polisi wa usalama barabarani saa ya msongamano, eneo lililochorwa ambalo gari haliruhusiwi kusimama, na pale fedha inaporuhusu daraja: huo ndio mpangilio wa hatua.

Simama hapa. Geti likiwa bovu, mlinzi asiligeuze kuwa la kubahatisha. Dereva wa treni ajulishwe, apite kwa mwendo wa kuweza kusimama, na barabara izuiwe na watu wenye bendera.

Dalili: taa zote zimezimika, stesheni nzima haioni kitu

Umeme wa TANESCO ukikatika, betri zinapaswa kubeba mzigo. Zikishindwa, kwa kawaida ni kwa sababu zimezeeka. Joto la pwani linafupisha maisha ya betri, na banda la vifaa lisilo na hewa linaua seti nzima mapema. Zijaribu kwa mzigo halisi. Volti zikiwa nzuri bila mzigo hazikuambii kitu.

Chanzo kingine ni wizi wa kebo za shaba. Wanaouza chuma chakavu wanajua bei yake. Wasichojua ni kwamba kebo moja inasimamisha maelfu ya watu. Kubadilisha mawasiliano kwenda kwenye mkongo wa nyuzi za kioo kunasaidia, kwa kuwa ndani hakuna shaba, lakini mitambo bado inahitaji nyaya za umeme. Kuzika kwa kina, kufunika kwa zege na kuwashirikisha majirani wa reli ni sehemu ya mradi wa ishara kama zilivyo kompyuta.

Cha nadra, na cha kutisha, ni radi. Julai 23, 2011 karibu na Wenzhou, China, radi iliharibu vifaa, mfumo ukaonyesha njia ni tupu wakati treni ilikuwepo, na watu 40 wakafa. Baada ya radi kubwa, taa iliyorudi yenyewe kuwa kijani haiaminiki mpaka fundi apime. Nyaya za kupeleka umeme ardhini na vikinga radi vikaguliwe kabla ya vuli na kabla ya masika.

Kwa wanaoishi kando ya SGR: waya wa juu una volti 25,000. Huhitaji kuugusa ili ukuue; fimbo, ngazi au bati linalosogezwa karibu linatosha. Ukiona waya umeanguka au tawi limeulalia, kaa mbali, zuia wengine, toa taarifa kwa shirika au polisi.

Dalili: taa zote ni njema, treni bado imechelewa

Milango, kichwa cha treni, mwendo uliopunguzwa kwa sababu ya njia mbovu. Treni ikipoteza dakika moja ya ziada katika kila kituo kati ya kumi, imepoteza dakika kumi ambazo hakuna ishara duniani itazirudisha. Majukwaa ya kimo sawa na sakafu ya behewa, tiketi kukatwa kabla ya kupanda, milango zaidi: hapo ndipo penye dakika.

Dalili za mfumo mpya wenyewe

Mfumo wa aina ya ETCS ngazi ya pili unategemea redio, vifaa vidogo vilivyolazwa kati ya reli, na kompyuta ndani ya kila kichwa. Redio ikipotea kupita muda uliowekwa, breki zinaweza kushika zenyewe. Kwa hiyo hitilafu zake ni za aina nyingine: eneo lenye mawasiliano hafifu, programu ya kichwa isiyopatana na ile ya ardhini, kipimo cha mwendo kinachodanganywa na gurudumu linaloteleza reli ikilowa. Ukaguzi mwepesi ni kuuliza kama tatizo linamfuata kichwa kimoja au linabaki mahali pamoja. Likimfuata kichwa, kipeleke karakana. Likibaki mahali, pima redio hapo.

Kuufunga mfumo huo kwenye treni ya mjini kunamaanisha kila kichwa kinachopita reli hiyo, pamoja na vya mizigo, kipate kompyuta yake. Kimoja kisipokuwa nayo, kinaendeshwa kwa utaratibu wa zamani na kuvuta wengine nyuma. Ndiyo maana ningeipa Reli ya Kati na TAZARA vihesabu ekseli, kibali cha kielektroniki, njia za kupishana na mageti kwanza, na kompyuta za ndani ya vichwa baadaye. Mkataba wowote uwe na vipuri ghalani Dar es Salaam, michoro yote ya nyaya mikononi mwa shirika, na mafundi wa hapa waliofundishwa kufungua, kupima na kufunga kila kabati kabla mkandarasi hajaondoka.